Traka kwenye makila: shajara ya safari ya Kigoma

Jumapili usiku, ndani ya treni

Tumetoka Tabora jua limeshazama. Mzigo wangu ni maboksi ya bodi ndogo za redio, paneli ya sola, betri ya 12V na fungu la nyaya. Kijana niliyekaa naye alidhani nauza simu. Nilipomwambia ni traka, vifaa vya kuonyesha nyavu zilipo huko Ziwa Tanganyika, aliangua kicheko: "Kwani nyavu zina miguu, kaka?"

Hazina, lakini zinasafiri. Wavu wa kipe cha dagaa haupotei kirahisi, maana unashushwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na watu wapo juu yake usiku kucha na taa zao. Makila, nyavu za kuelea za kunasa samaki, ni habari nyingine. Yanategwa jioni kwa ajili ya migebuka, sangara na kuhe, yanaachwa yanaelea mpaka alfajiri. Upepo ukigeuka, au akipita mwenye mkono mrefu, asubuhi unakuta maji matupu. Nyavu ni pesa nyingi, na mara nyingi ni pesa ya mkopo.

Malagarasi tumevuka nimelala. Uvinza nimeamshwa na wauza chumvi.

Jumatatu, Kibirizi

Aliyeniita ni mama mmoja mwenye boti, injini na makila. Nilimkuta mwaloni akihesabu ndoo za dagaa, akanisalimia "Mwakeye" kabla hata sijatoa shikamoo, akaniagizia ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese. Kazi ikaanza tukiwa bado tunanawa mikono.

Swali lake la kwanza lilikuwa la haki: kwa nini tusifunge traka za laini ya simu, kama zile za pikipiki? Kwa sababu mnara ukikosekana traka hiyo haina kazi. Milima ya Kigoma inashuka mpaka majini, ukipita rasi moja simu inakata. Halafu redio ya simu inakula betri; bila umeme wa pikipiki wa kuichaji itadumu siku chache. Traka za satelaiti zipo, na meli za jodari kule Bahari ya Hindi zinazifunga kwenye maboya yao, lakini kila boya lina bili yake ya kulipia huduma. Meli zina AIS, redio ya masafa ya 162 MHz inayotangaza chombo kilipo. Hata ile ya vyombo vidogo inarusha wati 2, na inamtangazia kila mwenye kipokezi. Mama aliposikia "kila mtu" akatikisa kichwa.

Nilichokuja nacho ni aina ya redio inayoitwa LoRa. Kilibuniwa na kampuni ndogo ya Grenoble, Ufaransa, iliyoitwa Cycleo, ikanunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Nguvu yake ya kurusha ni miliwati 25, yaani sehemu moja ya themanini ya ile AIS ndogo, na bado inafika mbali. Siri ni kwamba haitumi mlio wa masafa mamoja; inatuma mlio unaopanda kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, tena na tena, kwa mpangilio ambao kipokezi kinaujua. Kwa hiyo kipokezi kinaweza kuuchomoa hata ukiwa dhaifu kuliko kelele za hewani, jinsi unavyotambua mluzi wa ndugu yako katikati ya soko la Jumamosi.

Unalipa kwa mwendo. Ukitaka kufika mbali unapunguza kasi ya mlio. Ujumbe uleule mfupi wenye mahali, saa na hali ya betri unamaliza sekunde 0.06 kwa mwendo wa kasi, na sekunde 1.5 kwa mwendo wa taratibu kabisa. Picha haitumiki hapa, wala sauti. Namba chache tu. Kwa wavu zinatosha.

Mchana wote tumetengeneza maboya. Sina imani na maboya ya dukani yanayouzwa na traka ndani yake. Mengi yamepimwa kwa alama ya IP67, na alama hiyo maana yake ni mita 1 ya maji kwa dakika 30. Makila yakijaa samaki yanaweza kulivuta boya chini zaidi ya hapo na kulikalisha humo. Tumechukua bomba la maji la plastiki la inchi mbili, tukaziba chini kwa saruji, betri ikakaa juu ya saruji ili uzito uwe chini na boya lisimame. Katikati tumefunga ndala kuukuu zilizokatwa, maana vijana wa hapa wanazijua ndala kuliko wanavyolijua povu la kununua. Bodi na antena ziko kichwani, kama mita 1 juu ya maji. Antena yenyewe ni sentimita 8.6 tu, robo ya urefu wa wimbi la 868 MHz.

Kwenye mpira wa kifuniko nimepaka grisi ya silikoni. Mzee mmoja mshona nyavu akaangalia akasema, "Hiyo ndiyo dawa ya Liemba." Ana haki. Wajerumani walipoizamisha meli ile mwaka 1916, wakati bado inaitwa Graf von Goetzen, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa.

Jumanne, kilimani

Kipokezi kikuu tumekipandisha kwenye kilima nyuma ya mwalo, kwenye nyumba ya shemeji wa mama. Vijana wawili walibeba betri, mimi nikabeba visingizio vya pumzi.

Watu wengi wanahangaika na nguvu ya redio wakati kinachowanyima usingizi ni umbo la dunia. Mawimbi haya yanakwenda karibu mstari ulionyooka, maji yanajikunja chini yake. Hesabu ya fundi ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita za upeo wake. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, ujumlishe. Boya la mita 1 linatoa kilomita 4. Mlingoti wa mita 6 pale ufukweni unatoa 10, jumla 14. Kilima hiki kiko kama mita 150 juu ya maji: kinatoa 50 chenyewe, jumla kilomita 54. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Kwa hiyo kupanda kilima mara moja na jasho lake kumeshinda antena yoyote ya bei mbaya ambayo ningeisimika mchangani.

Wauzaji wanapenda kukutajia rekodi. Ni kweli kwamba mwaka 2023 ilitangazwa ishara ya LoRa kutoka baharini pwani ya Ureno kupokelewa Visiwa vya Canary, kilomita 1,336. Lakini siku hiyo tabaka za hewa juu ya bahari zilikunja mawimbi na kuyafuatisha mgongo wa dunia. Huwezi kumwahidi mtu makila yake kwa bahati ya hewa.

Kipokezi kinakula kama wati 5, paneli inakitosha, na kwenye intaneti kinaingia kwa laini ya kawaida yenye bando dogo. Shemeji aliuliza kama mionzi yake itamkausha ng'ombe maziwa. Nikamwambia simu iliyo mfukoni mwake inarusha nguvu zaidi. Hakuonekana kufurahi, nadhani sasa anaiogopa simu.

Jumatano usiku, ziwani

Mwezi ni mwembamba, kwa hiyo taa za vipe zimetanda mpaka macho yanachoka. Tumetega makila ya mama kilomita kadhaa nje ya Kibirizi, boya lenye traka likiwa mwisho wa kamba upande wa ziwa. Upande wa pili kuna boya la kawaida.

Nahodha ni mtu wa maneno machache, lakini traka ilimsumbua.

"Fundi, sasa hivi inasema nini?"

"Imelala. Itaamka baada ya nusu saa."

"Basi ibipu iamke."

"Haibipiwi, kaka. Ikilala haisikii."

Akanyamaza, akavuta sigara, kisha: "Sasa hiyo ni redio gani isiyopokea?"

Nimemweleza tukiwa tumejikunyata chini ya turubai. Traka inatumia muda wake karibu wote ikiwa imezima kila kitu isipokuwa saa yake ndogo. Ikiamka inatafuta satelaiti za GPS, inajua ilipo, inatuma, kisha inatega sikio mara mbili kwa muda mfupi sana. Ukiwa na la kuiambia, liache kwenye kompyuta likisubiri. Traka ikimaliza kuongea ndipo italipokea. Halafu inarudi kulala. Ukitaka isikilize muda wote inawezekana, ila utabadilisha betri kila baada ya siku chache.

Wengi hudhani kutuma ndiko kunakomaliza betri. Kutafuta satelaiti ndiko. Traka iliyoamka bila kumbukumbu inahitaji kama nusu dakika kusoma ratiba ya satelaiti kutoka angani, na muda wote huo GPS inakunywa umeme, wakati kutuma kwenyewe ni chini ya nusu sekunde kwa mwendo niliouchagua. Ratiba ile inadumu kama saa 4. Ukiilaza traka siku nzima, kila ikiamka inaanza upya. Ukiiamsha kila nusu saa inajua tayari pa kutazama, inapata mahali pake kwa sekunde chache. Nusu saa ni kipimo kizuri kwa makila: kwa siku inakula kama miliampia-saa 5, na betri moja ya aina iliyomo kwenye pawabenki ina 2,500. Hata nikitupa nusu kwa ajili ya joto, baridi na uzembe wa viwanda, msimu mzima unapita.

Saa sita upepo wa kusini ukaamka. Turubai likaanza kupiga kelele, nahodha akaamuru tusogee karibu na ufukwe.

Alhamisi, ziwani bado

Nukta kwenye simu ya mama zilikuwa zimejipanga vizuri mpaka saa saba usiku, kila moja karibu na mwenzake. Kisha zikaanza kuachana, zikielekea kaskazini magharibi. Saa tisa hakuna nukta. Saa tisa na nusu hakuna. Saa kumi ikatokea moja, mbali.

Mama alinipigia simu kabla ya adhana: "Mwanangu, wavu wangu unakwenda Kongo?"

Nukta zilizokosekana si ajabu. Mawimbi ya mita 1 yanatosha kulificha boya ndani ya bonde la maji wakati uleule linapoongea, na maji yakifunika antena hakuna kitu kinachotoka. Nilikuwa nimeipanga traka itume bila kusubiri jibu, maana kudai jibu kila mara kunamaliza betri. Ujumbe ukipotea, umepotea, unangoja mwingine.

Nahodha hakuelekeza boti kwenye nukta ya mwisho. Aliichukua simu, akapima kwa kidole umbali kati ya nukta mbili zenye saa zake, akatazama upepo, akaelekeza omo mbele zaidi. "Huko ulikuwa," akasema. "Sisi tunaufuata utakakokuwa." Sikuwa na la kuongeza.

Kwenye boti nilikuwa na kipokezi cha mkononi, bodi ileile yenye kioo kidogo, antena yake imefungwa kwenye mti wa mita 3. Hesabu ya kilimani inakipa kama kilomita 11. Hakihitaji bando wala mnara, kinalisikia boya moja kwa moja. Tulipoingia eneo lile kikalia: −121. Namba hii ni nguvu ya ishara, na ikikaribia sifuri maana yake mnakaribiana. Ikaja −112, nusu saa baadaye −96. Kijana wa mbele ndiye aliyeliona boya, ndala nyekundu na bluu zikipanda na kushuka. Makila yalikuwa yamejisokota upande mmoja, na ndani yake kulikuwa na kipande cha makila ya mtu mwingine, boya lake halina jina. Migebuka ilikuwepo, si mingi. Mikono ya vijana ilivuja damu kwa kamba.

Mpaka wa nchi unapita katikati ya ziwa, na asilimia 45 ya maji haya ni ya Kongo, 41 yetu, Burundi 8, Zambia 6. Wavu ukivuka usiku hauulizwi pasipoti, lakini anayeufuata ataulizwa. Kuujua mwelekeo mapema kuna maana kubwa kuliko kujua ulipotua.

Ijumaa, kuelekea Mwamgongo

Boti ya abiria, saruji, kuku, kreti za soda, na mimi na kipokezi changu. Nilitaka kujua kilima cha Kibirizi kinasikia mpaka wapi upande wa kaskazini, kwa hiyo nilishika traka mkononi njia nzima, abiria wakinitazama kama mganga.

Katikati ya ziwa mambo ni mazuri. Ufukweni ni balaa. Boti hizi zinaambaa na nchi kavu, na kila rasi ikikuziba tu, kimya. Kilomita 54 za kwenye karatasi zinafia nyuma ya jabali moja. Tulipopita Mtanga zilirudi kidogo. Mbele ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kutazama sokwe, mlima unashuka hadi mchangani, ukanda ule wote sikupata kitu nikiwa karibu na nchi. Mwamgongo, kimya kabisa.

Kwa hiyo kijiji hiki kinahitaji kipokezi chake, na kiwekwe kwenye rasi inayotazama ziwa, si kwenye ofisi ya kijiji kwa sababu eti pana umeme.

Jumamosi, Mwamgongo

Kikao na watu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, chini ya mwembe. Nilijiandaa kwa maswali ya bei. Likaja lingine kutoka kwa mzee aliyekaa nyuma kabisa: "Hiyo ramani, nani anaiona?"

Kila mtu akageuka. Mahali pa kutega makila ni siri ya familia. Baba anamwonyesha mwanawe kwa kupanga kilele hiki na mti ule. Sasa nimekuja mimi kutoka Tabora, nataka siri hiyo iende kwenye intaneti kila nusu saa.

Jibu langu lilikuwa na sehemu nzuri na sehemu mbaya, nikazitoa zote. Nzuri: ujumbe unafungwa kwa ufunguo wa AES-128 ukiwa bado ndani ya boya, na kipokezi cha kilimani kinapitisha tu bila kuusoma. Jirani wanaweza kuchangia kipokezi kimoja na kila mmoja akaona nyavu zake peke yake. Mbaya: anayeshika kompyuta zinakokaa funguo anaona kila kitu, na hapo huwezi kujificha nyuma ya hisabati, lazima umjue mtu. Pia mwenye kipokezi cha mkononi anaweza kulifuata boya kwa nguvu ya mlio wake bila kuelewa neno moja linalosema.

Mzee alikubali sehemu mbaya kwa haraka kuliko nzuri. "Sasa tunaongea," akasema.

Wengine walitaka traka za injini, kwa sababu majambazi wa ziwani wanachukua injini kwanza. Inawezekana, lakini ukiificha chini ya kifuniko cha chuma antena haitoi kitu, na ukiiweka nje mwizi anaiona. Injini mimi ningeanza na mnyororo mnene. Na makila ningeanza na rangi: FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipitisha mwongozo wa kuweka alama kwenye zana za uvuvi mwaka 2018, na hitaji la msingi mle ni zana ijulikane ni ya nani. Jina na namba ya simu kwenye boya vinagharimu kopo la rangi. Kile kipande tulichokikuta juzi kingeshamfikia mwenyewe.

Vijana walinuna kidogo. Walitaka kioo kinachowaka.

Jumapili, Kibirizi

Mama amekaa na simu yake na daftari la mkopo, amefikia uamuzi bila kunisubiri. Traka zitafungwa kwenye makila yale ya mbali tu. Ya karibu yatapakwa rangi. Nukta ataziona yeye na nahodha. Mwenyekiti wa BMU atapewa mahali pa wavu siku ambayo yeye mwenyewe ametoa taarifa kwamba umepotea, si kabla. Funguo hataki zikae kwangu Tabora, anataka kwa binti yake anayesoma kompyuta Kigoma mjini.

Nimeziondoa kwenye laptopu yangu mbele yake, binti akabadilisha nywila papo hapo akiwa ameniwekea mgongo. Bado tunabishana nani atalipia bando la kilimani, maana shemeji amesikia kwamba jirani wawili wanataka kujiunga na ameanza kuita kile kipokezi "mnara wangu".

Treni ni jioni. Nimeacha bomba moja tupu, grisi, na vipimo vya kukata antena vikiwa vimeandikwa ukutani kwa mkaa.